Flopi ya zamani imegoma kwenye kompyuta mpya: dalili, chanzo, na pa kuanzia

Mzee mmoja kutoka Tanga aliingia kwenye kibanda changu na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalifungua mezani: flopi 43 (diski bapa za zamani za kuhifadhia mafaili), diski 3 za Zip (za enzi hizohizo, zenye ujazo mkubwa zaidi), na vidonge vya kukimbiza mende vilivyokwisha harufu zamani.

"Mwanangu, humu mna tenzi zangu na barua za miaka kumi. Mjukuu kajaribu mbili kwenye laptopu yake, ikamwambia azifomati."

"Akabofya nini?"

"Akabofya hapana, akaniita."

Mjukuu huyo ana busara kuliko mafundi wengi ninaowajua. Yafuatayo yametokana na boksi hilo na mengine ya aina yake: ya walimu wastaafu, ya makatibu wa vyama vya ushirika, na ya wenye steshenari waliokuwa wakichapia watu barua enzi za printa za kelele na karatasi zenye matundu pembeni.

Kwanza ujue kinachotokea humo ndani. Tofauti na diski ngumu, kichwa cha draivu ya flopi hugusa kabisa utando wa sumaku, huku diski ya kawaida ya inchi 3.5 ikizunguka mara 300 kwa dakika. Utando wa miaka thelathini unaweza kubanduka palepale unapousoma. Kwa hiyo usiichomeke ukaanza kufungua faili hili, ukalifunga, ukafungua lile. Vuta diski nzima mara moja, sekta zote (vipande vidogo ambamo data imegawanywa, 2,880 kwa flopi ya megabaiti 1.44), ziwe faili moja kwenye kompyuta. Faili hilo mimi naliita nakala pacha. Udadisi wote, majaribio yote na makosa yote yafanyikie kwenye pacha, flopi irudi kwenye boksi lake.

Na kabla haijaingia popote, izuie isiandikwe. Flopi ya inchi 3.5 ina kipande cha plastiki kinachoteleza kwenye kona. Kisogeze mpaka tundu liwe wazi na mwanga upite. Kwa zile kubwa laini za inchi 5.25 mambo ni kinyume: pengo la pembeni likiwa wazi diski inaandikika, ukiliziba kwa utepe haiandikiki. Wengi huchanganya hapa kwa sababu moja hulindwa kwa kufungua na nyingine kwa kuziba.

"Nimechomeka draivu, kimya"

Hili ni jepesi. Draivu ya flopi ya USB inakula umeme mwingi kuliko flashi, na ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, mota haizunguki au inazunguka kidogo na kufa. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikionekana kama A: kwenye Windows, imekubali.

Ukitumia draivu ya ndani kwenye kompyuta kuukuu ya mezani, tazama taa yake. Ikiwaka tangu unapobonyeza swichi na haizimi, kebo bapa imegeuzwa. Zima, igeuze, washa tena. Usiweke flopi ya mtu humo kabla taa haijatulia.

"Inasema diski haijafomatiwa"

Ujumbe huu ndio uliomwogofya mjukuu, nao umewapotezea watu kazi nyingi kuliko ukungu na mende wakijumlishwa. Maana yake halisi ni ndogo sana: kompyuta imejaribu kusoma mwanzo wa diski na haikuelewa ilichokiona. Haisemi kwamba diski ni tupu. Bofya hapana, toa diski, kisha uanze kuchunguza.

Anza na matundu. Flopi ya megabaiti 1.44 ina matundu mawili kwenye kona za nyuma, moja la kinga na moja la kuiambia draivu kwamba hii ni ya ujazo mkubwa. Ya kilobaiti 720 ina moja tu. Sasa, zamani flopi zilikuwa ghali, na watu walikuwa wakichukua diski ya matundu mawili na kuifomati kwa kilobaiti 720 kwenye mashine ambayo haikujali tundu la pili. Ukiileta kwenye draivu ya leo, inaona tundu, inatarajia sekta 18 kwa kila mzunguko, inakuta 9 zilizopangwa kwingine, inakata tamaa. Dawa yake ni kipande cha utepe. Ziba tundu la pili pande zote mbili, ubane vizuri usije ukabandukia ndani, kisha ujaribu tena. Kwenye boksi la mzee, flopi 6 zilipona kwa utepe tu, na moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa na utenzi mrefu kuliko yote.

Kama utepe haukusaidia, soma lebo au muulize mwenyewe: ulitumia kompyuta gani? Waliofanya kazi ya kupanga kurasa za magazeti na vitabu wengi walikuwa na Macintosh. Flopi ya Macintosh ya megabaiti 1.44 inasomeka na draivu ya USB, ila mpangilio wake wa mafaili, unaoitwa HFS, Windows haiujui. Hata Mac mpya haziujui, maana Apple iliuondoa kwenye macOS Catalina ya 2019. Chukua nakala pacha na uifungulie kwenye Linux, mfumo wa kompyuta wa bure. Zile za zamani zaidi, za kilobaiti 400 na 800, ni habari nyingine: ziliandikwa na draivu iliyokuwa ikibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kilivyosogea, na hakuna draivu ya USB ya dukani itakayozisoma, hata ukiibembeleza. Hizo ziweke kando kwa ajili ya kifaa nitakachokitaja chini.

Chanzo cha tatu ni sekta chache za mwanzo kufa. Kwenye flopi ya megabaiti 1.44, sekta ya kwanza kabisa inaeleza diski ni ya aina gani. Zinazofuata ni sekta 9 za jedwali linaloonyesha kila faili limekaa wapi, kisha sekta 9 za nakala ya jedwali hilohilo, kisha 14 za orodha ya majina. Baada ya hapo ndipo kazi yako inaanza. Kwa hiyo sekta moja mbovu katika 2,880 inaweza kufanya diski nzima ionekane tupu, hali mafaili yote yamelala salama. Ndiyo maana nakala pacha ni muhimu: PhotoRec, programu ya bure, inaweza kupitia pacha na kutambua hati za Word kwa alama zilizomo mwanzoni mwa faili, bila kuhitaji jedwali wala majina. Majina utayapoteza, lakini maneno utayapata.

Chanzo cha nne huwashangaza watu. Draivu iliyoiandika diski huenda ilikuwa imepinda. Kichwa chake kilikaa nje kidogo ya njia inayotakiwa, kikaandika pembeni, kikasoma palepale pembeni, na mwenyewe hakuona tatizo hata siku moja. Kila draivu nyingine duniani inapita katikati na kukuta ukimya. Ukiona flopi zote za mtu mmoja zinagoma huku za wengine zinasomeka kwenye draivu ileile, shuku hili. Muulize ile kompyuta iko wapi. Nimewahi kutoa draivu kwenye kompyuta iliyokuwa imegeuzwa kiti cha kuku, nikaisafisha, nikaifunga, ikasoma flopi za bwana wake moja baada ya nyingine.

Kompyuta yenyewe ikiwa imeshauzwa kwa vyuma chakavu, jaribu draivu tatu au nne tofauti. Tafuta za ndani zilizotengenezwa miaka ya 1990, kwa sababu nyingi ni imara kuliko hizi nyembamba za USB. Na hapa ndipo kinapoingia kile kifaa: Greaseweazle, kibao kidogo kinachokaa kati ya draivu ya ndani na tundu la USB. Chenyewe hakiulizi sekta. Kinarekodi mabadiliko ya sumaku jinsi yalivyo, na programu inayatafsiri baadaye, iwe ni ya PC au ya Macintosh ya kilobaiti 800. Draivu lakini uilishe umeme wake kando, volti 5 kwa ile ya inchi 3.5, na volti 12 juu ya hizo kwa ile kubwa.

"Inalia kama mlango usiopakwa mafuta"

Chomoa. Usimalize sentensi hii kwanza, chomoa.

Mlio huo ni utando unakwanguliwa, na mara nyingi chanzo ni ukungu. Huku pwani, kuanzia Mombasa mpaka Dar na Zanzibar, unyevu hauna huruma na vitu vilivyofungiwa. Sogeza kifuniko cha chuma kwa kidole, kisha zungusha kitovu cha chuma kilicho nyuma, taratibu, chini ya taa nzuri. Utando mzuri ni mweusi au wa kahawia, wenye uso mmoja. Ukungu huonekana kama unga wa muhogo uliomwagikiwa, madoadoa meupe ya duara. Mkwaruzo huonekana kama pete inayong'aa, na ukiona plastiki nyeupe imepenya, sehemu hiyo imekwenda.

Diski yenye ukungu ukiilazimisha, uchafu unahamia kwenye kichwa, na kichwa kinakwenda kuikwaruza flopi inayofuata, ambayo ilikuwa nzima. Nilijifunza kwa gharama: niliharibu flopi 2 za mteja kabla sijagundua kwamba ya tatu kutoka juu ndiyo iliyokuwa na ukungu. Siku hizi naangalia zote kwa macho kwanza, nazipanga mafungu, na chafu zinakuwa za mwisho.

Kusafisha kunawezekana. Pasua kasha la plastiki kwa uangalifu kwenye ukingo, toa ile duara laini, ifute kwa pamba isiyoacha nyuzi iliyolowana isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99, kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Spiriti ya rangi, ile ya kuwashia jiko, usiitumie. Iache ikauke kabisa, kisha ivalishe kasha la flopi nyingine nzima usiyoihitaji. Isome mara moja tu, uchukue pacha, na ukimaliza safisha vichwa vya draivu kwa pamba na isopropili ileile.

Mlio mwingine, wa chuma kukwama, unatoka kwenye kifuniko kilichopinda. Hiki kinaweza kunasa ndani ya draivu na kung'oa kichwa wakati unatoa diski. Kibandue kabisa kabla ya kuiingiza. Haihitaji kifuniko kwa dakika mbili za kusomwa.

"Zip inapiga tak, tak, tak"

Zip zilitoka katikati ya miaka ya 1990, megabaiti 100 kwa diski moja, na kwa waliozizoea flopi ilikuwa kama kuhama chumba kimoja kwenda ghorofa. Mlio huo wa tak ulivuma mpaka Wazungu wakaupa jina la kifo. Ni kichwa kinachorudi nyuma na kujaribu tena kwa sababu hakipati kinachokitafuta. Wakati mwingine diski ndiyo mbovu. Wakati mwingine kichwa kimeng'oka, na hapo kuna hatari mahsusi: kichwa kilichovunjika huchana ukingo wa diski, na diski iliyochanika ukiipeleka kwenye draivu nzima, nayo inavunja kichwa cha hiyo. Ugonjwa unatembea pande zote mbili.

Basi mlio ukianza, usikimbilie kuazima draivu ya rafiki. Fungua kifuniko cha diski na uangalie ukingo wake kwa tochi. Ukiwa laini, jaribu draivu nyingine. Ukiwa umemeguka hata kidogo, diski hiyo isiingie popote tena. Katika zile 3 za mzee, moja ilikuwa hivyo. Nilimwambia ukweli.

Draivu za Zip za USB hufanya kazi kwenye kompyuta za leo. Zile za tundu pana la printa hazifai bila kompyuta ya zamani yenye tundu hilo. Na kama una draivu ya megabaiti 750, inaisoma diski ya 100 lakini haiwezi kuiandika, jambo ambalo kwa kazi yetu ni heri.

"Inanakili vizuri, kisha inaganda"

Windows ikikuta sekta mbovu huirudiarudia, huku draivu ikikoroma na flopi ikiendelea kulika. Kazi hii ifanye kwenye Linux, kwa ddrescue, programu ya kuokoa data. Andika `lsblk` kwanza uone flopi imepewa jina gani. Utaitambua kwa ukubwa wake wa 1.4M. Ukikosea hapa unaweza kunakili diski ngumu yako mwenyewe, au vibaya zaidi. Kisha, ukiweka jina uliloliona mahali pa `sdb`:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb barua07.img barua07.map`

Hii inachukua sekta nzuri zote na kuruka mbovu. Faili la pili ni ramani ya zilizosomeka na zilizogoma. Ukishazipata rahisi, rudia amri hiyo ukiweka `-r3` mahali pa `-n`, majina ya mafaili yakiwa yaleyale, nayo itarudi kwenye zilizogoma tu, mara tatu. Uzuri wa ramani ni kwamba unaweza kuhamishia flopi kwenye draivu nyingine na kuendelea ulipoishia. Sekta ambayo draivu ya kwanza iliikataa, ya pili huenda ikaipata. Nimeziba mapengo ya flopi moja kwa draivu tatu.

Kwa anayebaki kwenye Windows, WinImage inachukua pacha, na 7-Zip inalifungua faili la `.img` kama folda ya kawaida. Kwa flopi nzima inatosha.

"Nimeweka flopi ya pili, naona majina ya ya kwanza"

Kompyuta haikujulishwa kwamba diski imebadilishwa, inakuonyesha kumbukumbu yake. Bonyeza F5, au chomoa draivu na kuirudisha. Ikiwa hukuweka ile kinga na ukaandika kitu katika hali hiyo, jedwali la flopi ya kwanza linamwagwa juu ya ya pili. Ndiyo maana niliianza mada na kinga.

"Faili lipo, likifunguka ni maruerue"

Barua za mzee zilikuwa za WordStar, programu ya zamani ya kuandikia. Nilipozifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, mstari wa kwanza ulisomeka hivi:

*Tumepokeá baruá yakï ná habaré zá watotï wotå*

Mzee aliinama kwenye skrini akauliza kama ni Kireno. Siyo. WordStar ilikuwa na mazoea ya kuitia alama herufi ya mwisho ya neno kwa kuiongezea biti ya nane, ili ijue maneno yanaachana wapi inaponyoosha kingo za ukurasa. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo balaa lote linaangukia irabu tano: a inakuwa á, e inakuwa å, i inakuwa é, o inakuwa ï, u inakuwa õ. Ukishalijua hilo unaweza kuisoma barua kwa macho tu. Kuisafisha, kwenye Linux ni mstari mmoja:

`LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < barua.ws > barua.txt`

Biti ya nane inaondoka, "watotï wotå" wanarudi kuwa watoto wote. Na kwa kuwa lugha yetu inaandikwa kwa herufi za kawaida bila vidoto wala vikofia, hakuna kinachopotea. Mfaransa hawezi kufanya mchezo huu.

Mafaili ya programu nyingine za zamani, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, usihangaike nayo, LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inayafungua. Inafungua pia hati za Word za kabla ya 1997, ambazo Word ya siku hizi huzizuia kwa ajili ya usalama.

Ukikuta flopi ina mafaili mawili tu, `BACKUP.001` na `CONTROL.001`, hiyo ni moja katika mlolongo wa amri ya BACKUP ya MS-DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani. Kusanya zote kwa namba, .001, .002, kuendelea. Weka MS-DOS kwenye VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako), uipe pacha moja baada ya nyingine, na uziite kwa amri ya RESTORE. Ukikuta `DBLSPACE.000`, mwenyewe alikuwa amebana diski ili ijaze zaidi, nayo inataka MS-DOS 6 hukohuko VirtualBox.

Na kama faili lilinakilika kisha likatoweka machoni pako, fungua karantini (mahali yanapofungiwa mafaili yanayoshukiwa) ya programu yako ya kuzuia virusi. Flopi za miaka ya 1990 zimejaa virusi. Michelangelo, kilichokuwa kikisubiri tarehe 6 Machi, kilikaa kwenye sekta ya kwanza na hakikusumbui mradi huiwashi kompyuta kwa flopi hiyo. Vya ndani ya hati za Word ndivyo vya kuangalia: zifungue na makro (programu ndogo zilizomo ndani ya hati) zikiwa zimezimwa.

"Mafaili yote yanasema 1 Januari 1980"

Betri ya saa kwenye kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa, na MS-DOS isipojua tarehe inaanzia hapo. Usizirekebishe tarehe hizo kwenye mafaili. Tengeneza faili la maandishi kando, liitwe jina la pacha, uandike humo lebo inasemaje, draivu gani imesoma, sekta ngapi zimegoma, na anachokumbuka mwenyewe. Lebo piga na picha.

Utenzi mrefu wa mzee ulikuwa na tarehe hiyo ya 1980. Nikamsomea beti mbili. Akacheka, akasema, "Weka 1995, mwanangu. Hapo nawasema waliokuja kuomba kura."